UTI sugu: ni sugu ipi?

Jirani yangu mmoja alinijia jioni na bahasha ya kaki iliyochakaa. Ndani mlikuwa na vyeti vinne vya maabara, vyote vya mwaka mmoja, pamoja na vikaratasi vya dozi alizokwisha kumeza. Anajua kazi yangu ni kufasiri maandishi ya afya, kutibu sijui. Alichotaka ni maana ya neno. Kwenye cheti cha mwisho mtu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: UTI sugu.

"Kaka," akaniuliza, "hii sugu ndiyo kusema haitibiki?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilichokuwa nacho ni wasiwasi, kwa sababu neno hilo nimeliandika mwenyewe kwenye vipeperushi mara nyingi bila kulitazama vizuri.

Sugu asili yake ni ngozi, ile inayokakamaa kiganjani mwa mtu wa jembe. Kutoka hapo tukaipeleka kwa watu. Mamlaka ya maji ikitangaza majina ya wadaiwa sugu, inawataja waliodaiwa wee na hawalipi. Mhalifu sugu ni yule anayetoka gerezani leo na kesho amerudia yaleyale. Hospitalini neno likaingia na mizigo yake yote. Magonjwa sugu, kama kisukari na shinikizo la damu, ni yale ambayo mtu huishi nayo miaka. Kifua kikuu sugu ni jambo lingine kabisa: bakteria wake hawafi kwa rifampisini na isoniazidi, dawa mbili ambazo ndizo nguzo ya tiba. Na wataalamu wakisema usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wanamaanisha maana hii ya pili peke yake.

Sasa mgonjwa akiambiwa ana UTI sugu, achukue ipi? Inayokaa, inayorudi, au isiyosikia dawa?

Mara nyingi anayeliandika anakusudia inayorudi. Kitabibu, maambukizi ya mfumo wa mkojo huitwa ya kujirudia yakimpata mtu mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au mara 3 au zaidi ndani ya miezi 12. (Nasema mfumo wa mkojo kwa makusudi. "Njia ya mkojo" imezoeleka, lakini wengi wakisikia njia hufikiria pale mkojo unapotokea tu, wakasahau kibofu na figo.) Kujirudia nako kuna namna mbili. Kuna bakteria walewale walionusurika dozi, wakaibuka tena siku chache baada ya kidonge cha mwisho. Na kuna wageni wapya kabisa, waliopanda kutoka karibu na tundu la haja kubwa wiki au miezi baadaye. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, wa mwanamume unakaribia 20, na ndiyo maana wanawake huugua zaidi. Wageni hawa wanaweza kufa wote kwa dawa ya kawaida kabisa. Wamerudi, ila hawana usugu wowote. Kinyume chake, mtu anaweza kuugua mara ya kwanza maishani akakutana na bakteria wasioguswa na siprofloxasini. Huyo ana usugu bila kujirudia.

Neno moja limefunika mambo haya yote, na madhara yake huonekana kwenye kaunta ya duka la dawa. Mteja anasema, "Nipe dawa ya UTI sugu," naye muuzaji anashusha boksi la dawa kali zaidi, kwani nani atampa mtu mwenye ugonjwa sugu dawa ya kawaida? Jirani yangu alikuwa amefika kwenye sindano tano.

Usugu wa kweli hujulikana kwa kuotesha mkojo. Unakinga mkojo wa katikati: wa mwanzo unaacha uende, unaofuata unaingia kwenye kichupa safi. Maabara wanapaka kiasi kidogo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kuiweka kwenye joto la mwili usiku kucha. Asubuhi wanatazama kilichoota. Kisha wanakipaka upya kwenye sahani nyingine na kuweka juu yake viduara vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Dawa inayofanya kazi huzungukwa na duara tupu, bakteria hawaoti karibu nayo. Isiyofanya kazi, wanaota mpaka ukingoni mwa karatasi. Kukosekana kwa duara lile ndiko kunakompa mtu haki ya kuandika sugu.

Vyeti vinne vya jirani yangu havikuwa na hata kimoja cha kuotesha. Vilikuwa vya kijiti cha kupimia mkojo na hadubini tu, na vyote vinne vilikuwa na mstari ambao hakuna aliyeusemea lolote: damu, alama mbili za kujumlisha.

Hapa pana istilahi ya pili, hematuria. Wengine huifasiri mkojo wa damu. Mimi naandika damu kwenye mkojo, kwa sababu mkojo wa damu humfanya msomaji atafute wekundu chooni, na damu hii mara nyingi huonekana kwa hadubini peke yake, huku mkojo ukiwa na rangi yake ya kila siku. Halafu mkojo mwekundu nao si lazima uwe na damu. Anayemeza rifampisini hukojoa rangi ya chungwa, na bitiruti nayo hupaka rangi. Hematuria ni dalili. Nyuma yake panaweza kuwa na maambukizi, mawe, ugonjwa wa figo, saratani ya kibofu. Au kichocho.

Daktari Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho Cairo mwaka 1851, na lugha nyingi zikauita ugonjwa kwa jina lake. Kiswahili kina lake, ila siku hizi limebebeshwa minyoo wa aina mbili: wa kichocho cha mkojo na wa kichocho cha tumbo, ambao damu yake hutoka kwenye choo kikubwa. Tena watu wazima hudhani ni ugonjwa wa watoto wanaoogelea madimbwini. Mayai ya kichocho cha mkojo yana mwiba mkiani na hukwama kwenye ukuta wa kibofu, na kwa wanawake hufika hadi kwenye mlango wa kizazi. Maumivu, haja ndogo ya kila mara, damu: nani asingesema UTI?

Nilimwuliza amekulia wapi. Shinyanga, akasema, na kila likizo hurudi kuwasaidia wazazi kwenye majaruba ya mpunga. Nikamshauri amweleze daktari hivyo hivyo, majaruba na yote. Akaambiwa alete mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi, na asiumwage ule wa mwisho mwisho.

Mayai yalionekana. Alipewa prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wake, dozi ya siku moja, na tarehe ya kurudi kupimwa. Kipeperushi changu nimekifungua tena. Nimefuta sugu sehemu saba, na tano kati ya hizo nimeandika ya kujirudia.