Mashine Zinazofunguka

Nikikabidhiwa kompyuta mpakato ya mtumba, jambo la kwanza ni kuipindua. Skrini ataiangalia mteja, na rangi ataiangalia yeye pia. Mimi naangalia tumbo. Natafuta kifuniko cha RAM, skrubu za diski na lachi ya betri. Fundi aliyenipokea Kariakoo hakuniruhusu hata kuiwasha mashine kabla sijaisoma kwa chini. Alisema mashine inayofunguka ina maisha ya pili, na iliyozibwa itakufa na kile ilichozaliwa nacho.

Leo vifuniko hivyo vinapungua, na vijana wanaoingia kwenye ufundi sasa hudhani mambo yamekuwa hivi tangu mwanzo. Sivyo. Kwa miaka zaidi ya 20 kompyuta za ofisini zilitengenezwa ili zifunguliwe, na kazi yetu sisi mafundi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ilikua juu ya uamuzi huo, ingawa walioufanya hawakuwa wakitufikiria sisi.

Oktoba 1992 IBM ilitoa ThinkPad 700C, boksi jeusi lenye kitufe chekundu katikati ya kibodi. Umbo lake lilichorwa na Richard Sapper, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Milan, na uhandisi ulisimamiwa na Arimasa Naitoh huko Yamato, Japani. Bei yake Marekani ilikuwa dola 4,350. Watu waliisifu kwa skrini ya rangi ya inchi 10.4, lakini fundi akisoma sifa zake anaona jambo jingine: RAM ilitoka kiwandani ikiwa MB 4 na iliweza kufikishwa MB 16, na diski yake ya MB 120 ilichomoka.

Kwa nini ichomoke? Kwa sababu mnunuzi alikuwa benki, kampuni ya bima au wizara, aliyechukua mashine kwa mamia pamoja na mkataba wa huduma. Mashine ikiharibika, fundi wa mtengenezaji alitakiwa afike ofisini kesho yake na kipuri mkononi. Kila dakika aliyotumia kuhangaika na skrubu ilikuwa gharama ya mtengenezaji, hivyo mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyehitaji mashine ifunguke upesi. Ilikuwapo pia sababu ya usiri. Benki haikubali diski yenye hesabu za wateja wake itoke nje ya jengo, kwa hiyo mashine ikipelekwa kutengenezwa, diski inabaki.

Mahitaji hayo mawili ndiyo yaliyoipa kompyuta ya ofisini sura yake. Chini ya ThinkPad za T, kando ya matundu ya skrubu, vilichapwa vialama vidogo: skrubu hii ni ya RAM, hii ni ya kibodi. Latitude E6400 ya mwaka 2008, kutoka Dell, ilishikiliwa na skrubu moja tu upande wa chini. Ukiilegeza na kusukuma kifuniko, karibu kila kitu kiko mbele yako, kuanzia RAM na kadi ya Wi-Fi hadi feni na prosesa. EliteBook 8460p ya HP, mwaka 2011, haikudai hata bisibisi, kwani kifuniko chote kilitoka kwa kusukuma lachi. Na wote watatu, IBM na baadaye Lenovo, Dell na HP, walitoa bure vitabu vya ufundi vyenye picha za kila hatua na namba za vipuri. Fundi wa kichochoroni alisoma kitabu kilekile alichosoma fundi wa kampuni. Mimi nilivisoma kwa tochi ya simu, umeme ukiwa umekatika, na hadi leo nahesabu kwamba ndivyo vilivyokuwa chuo changu.

Mashine zenyewe zilitufikia zikiwa zimeshachuma mahali pengine. Makampuni ya Ulaya na Marekani hukodi kompyuta kwa miaka mitatu au minne, kisha huzirudisha na kuchukua mpya. Zilizorudishwa husafishwa, hupangwa kwa madaraja na kuuzwa kwa jumla. Kwa wafanyabiashara wetu wengi njia ilipita Dubai, kwenye maduka ya Bur Dubai kando ya barabara ya Khalid bin Al Waleed. Nairobi waliziita "Ex-UK", na neno hilo lilikuwa sifa: maana yake ilikuwa mashine ya ofisi ya Uingereza, bodi ngumu na bawaba za chuma, tofauti na mashine mpya ya bei rahisi ambayo plastiki yake hupasuka kabla mwaka haujaisha.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za baharini zilipofika, TEAMS ikitua Mombasa na SEACOM ikitua Mombasa na Dar es Salaam, haja ya kompyuta ilipanda. Mwalimu alitaka moja, mwanachuo vilevile, wakili naye, na kila mwenye stesheneri. Wengi hawakuweza kununua mpya. Walinunua Latitude au ThinkPad iliyotumika, na baada ya miezi kadhaa wakaja kwetu na kauli ile ile: "Fundi, mashine yangu imekuwa nzito."

Mashine nzito mara nyingi haikuwa mgonjwa, ilikuwa na njaa. Nyingi zilikuja na RAM ya GB 2. Mteja amepigiwa Windows 7, akafungua kivinjari, Word na dawa ya virusi, na RAM imekwisha. Hapo mashine huanza kutumia diski mahali pa RAM, na diski ni mwendo wa kobe. Kuongeza RAM kulikuwa kazi ya dakika chache, lakini kulidai ujuzi. RAM ya DDR2 haiingii kwenye sloti ya DDR3, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali tofauti. DDR3 na DDR3L zinaingia sloti moja bila kukataa, ila moja inatumia volti 1.5 na nyingine 1.35, na mashine nyingi za Intel za kizazi cha nne zikipewa ile ya 1.5 haziwaki. Na ukiweka GB 8 huku Windows ni ya biti 32, mteja ataona chini ya GB 4 tu na ataamini umemwibia. Lazima umpigie Windows ya biti 64 kwanza.

Tulijifunza pia kwamba karatasi ya kiwanda haisemi yote. ThinkPad T420 ya 2011 iliandikiwa mwisho wa GB 8, lakini prosesa yake inakubali 16, na tuliziweka. Nafasi iliyotengwa kwa modemu ya simu ndani ya T420 na X220 inapokea diski ndogo ya SSD ya aina ya mSATA. Mlango wa DVD, ambao hakuna aliyeutumia tena, uliwekewa fremu na kubeba diski ya pili. Prosesa za mashine nyingi za wakati ule zilikaa kwenye soketi: unageuza kifungo kwa bisibisi, unainua i5, unaweka i7, unapaka dawa mpya ya kupozea na kufunga. Vizuizi pia vilikuwapo. ThinkPad za zamani na HP zilikuwa na orodha ya kadi za Wi-Fi zinazokubalika, na ukiweka kadi ngeni mashine inagoma kuwaka. Kwenye ThinkPad inakuonyesha namba 1802. Fundi asiyeijua namba hiyo angeweza kuitupa bodi nzima.

Lakini hakuna badiliko lililogusa maisha ya watu kama SSD. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaoelea juu yake. Kila faili linangoja mkono usogee na sahani izunguke. Ni chombo cha mezani, cha mahali patulivu. Kwetu mashine ilipanda bodaboda ikiwa imewashwa, ikaanguka kutoka kitandani, ikazimika ghafla kwa sababu betri imekufa na umeme umekatika. Diski zilikufa na tasnifu za watu ndani. SSD haina kinachozunguka wala kinachoelea. Bei yake iliposhuka ikawa ya mtu wa kawaida, tukaanza kuziweka kwenye mashine zilizotengenezwa kabla yake, nazo zikaingia bila shida, kwa sababu umbo la diski ya inchi 2.5 na kiunganishi cha SATA vilikuwa kiwango cha wote. Latitude ya 2008 ilipokea SSD iliyotengenezwa miaka kumi baadaye.

Namkumbuka mwalimu wa sekondari aliyeniletea Latitude yake wiki ya kupanga matokeo. Alikuwa ameazimia kuiuza kwa bei ya kutupa. Niliweka SSD ya GB 240, nikaongeza RAM ikafika GB 8, nikasafisha feni iliyojaa vumbi. Alipoiwasha akauliza kama nimembadilishia mashine. Gharama yote haikufika hata robo ya bei ya kompyuta mpya dukani, na aliendelea kuitumia kwa miaka. Kila nikisikia mtu akiuita ufundi wetu kazi ya vijana waliokosa ajira, huwa namfikiria yeye.

Milango ilianza kufungwa kutoka upande wa anasa. Januari 2008 Apple ilionyesha MacBook Air, nyembamba mno, RAM ikiwa imechomelewa kwenye bodi. Mwaka 2011 Intel ilianzisha kampeni ya Ultrabook, na watengenezaji wengine wakakimbilia wembamba. Mwaka 2012 Lenovo ikatoa X1 Carbon, ThinkPad yenye RAM ya kuchomelewa. Kufikia kizazi cha tano cha Intel, mwaka 2015, prosesa za mpakato zilikuwa zimeacha soketi. T480 ya mwaka 2018 bado ina sloti mbili za RAM na betri moja ya kuchomoa kwa nje. Iliyoifuata, T490, ilibaki na sloti moja na RAM nyingine imechomelewa, na betri imefichwa ndani.

Nisiwaonee wahandisi. RAM ya kuchomelewa inachukua nafasi ndogo, na aina zile zinazotumia umeme kidogo zaidi hazikutengenezewa vipande vya kawaida vya kuchomeka. Mashine ikawa nyepesi na betri ikadumu. Ila hesabu hiyo ilipigwa kwa ajili ya mtumiaji wa kwanza, yule wa miaka mitatu. Wa pili na wa tatu, ambao ni sisi, hawakuwamo. Kipande kimoja cha RAM kikifa kwenye bodi ya namna hiyo, kwa mteja wa kawaida bodi nzima imekufa.

Pigo jingine lilitoka kwenye programu. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ilidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu kwa kiasi kikubwa, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zenye GB 16 na SSD, zenye nguvu ya kazi zote za ofisi, zikaitwa zilizopitwa na wakati kwa tangazo tu. Nyingi kati yake tunaziwekea Linux, na zinafanya kazi vizuri.

Hata hivyo kuna dalili njema. Desemba 2023 chombo cha viwango cha JEDEC kilichapisha CAMM2, aina mpya ya RAM iliyo bapa, inayofungwa kwa skrubu badala ya kuchomelewa. Mwaka 2024 Lenovo ilitoa ThinkPad T14 Gen 5 ikiwa na sloti mbili za RAM, na iFixit, wanaopima urahisi wa kutengeneza vifaa, wakaipa 9 kati ya 10. Wembamba na kufunguka, basi, vinaweza kukaa pamoja mnunuzi mkubwa akidai. Mwaka 1992 pia aliyedai alikuwa mnunuzi mkubwa.

Ndiyo maana maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa wanaonunua kwa wingi: wahasibu wa shule, maofisa ugavi wa halmashauri, wakuu wa vyuo, wenye kampuni. Mnapoandika zabuni ya kompyuta, msiishie kwenye ukubwa wa RAM na jina la prosesa. Andikeni kwamba RAM iwe ya sloti, diski ibadilishike, betri ipatikane kama kipuri, na kitabu cha ufundi kiwe wazi. Na wewe mzazi unayemnunulia mtoto wa chuo mashine ya mtumba, mwombe muuzaji aipindue na kuifungua mbele yako, uone sloti kwa macho yako. Akikataa, nenda duka la pili.