Vile London Zoo Huhesabu Wanyama Wake Wote

Unadhani kuhesabu wanyama wa zoo ni mchezo? London Zoo, iliyoanza 1828, hufanya hiyo kazi kila Januari, na huchukua karibu wiki nzima. Si kiki ya mapicha tu. Sheria ya leseni ya 1981 kule Uingereza inadai rekodi.

Simbamarara ni rahisi, ukimwona umemwona. Pengwini hawatulii, so wanavutwa na samaki. Sisimizi nao? Kundi zima linaandikwa moja. Manze, nani angewamaliza!

Kazi noma ni konokono wadogo wa Partula kutoka visiwa vya Tahiti na Moorea. Miaka ya 1970 kuliletwa konokono wa kigeni anayekula wenzake, wakafagiliwa. Spishi kadhaa zikabaki kwa zoo pekee, so hapo ukipoteza hesabu unaweza poteza spishi mzima mzima.

Siku hizi wanarudishwa kwao, kila mmoja na nukta ya rangi kwa gamba. Halafu 2024, cheki hii: Moorea wakapatikana wakubwa hawana nukta. Hao walizaliwa msituni.