Bata wa Salter: umeme wa mawimbi uliozimwa mezani

Mhandisi Stephen Salter alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 85, na sidhani kama kuna aliyemlilia Musoma, Bunda au Butiama. Inasikitisha. Alizaliwa Afrika hii hii, Johannesburg, na alitumia nusu ya maisha yake kutafuta umeme katika kitu ambacho watu wa Majita na Kibara, kando ya Ziwa Victoria, hukiona kila alasiri kikipiga miamba bure: wimbi.

Wazo lenyewe ni kuukuu. Mtu na mwanawe wa ukoo wa Girard walilipatia hataza mjini Paris mwaka 1799. Mjapani Yoshio Masuda ndiye aliyelifanya lifae. Boya lake lilikuwa na bomba lililo wazi chini. Maji yakipanda ndani ya bomba husukuma hewa, yakishuka huivuta, na hewa hiyo huzungusha feni inayowasha taa ya kuongozea meli. Maboya hayo yaliingia sokoni mwaka 1965.

Kisha ikaja 1973 na mafuta kupanda bei karibu mara nne. Tanzania, iliyokuwa tayari inajenga bwawa la umeme la Kidatu, iliumia. Uingereza nayo iliumia, na huko Edinburgh Salter alikuwa kitandani na mafua. Kwa simulizi yake mwenyewe, mkewe, mwanasaikolojia Margaret Donaldson, alichoka kumwona akijihurumia, akamwambia ainuke atatue tatizo la nishati. (Hata kwetu mume mwenye mafua habembelezwi muda mrefu.) Akainuka. Alichokibuni kilielea na kuitikia kila wimbi kwa kichwa, wakakiita Bata. Kwenye tangi la majaribio kilinasa zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya wimbi.

Serikali ya Uingereza ikatoa fedha, lakini usimamizi wa mpango ukawekwa Harwell, makao makuu ya utafiti wa nyuklia. Mwaka 1982 wataalamu walishauri mpango ukatwe, kwa hoja kwamba umeme wa bahari ungekuwa ghali mno. Salter alikana hesabu hizo, akisisitiza kwamba gharama za Bata zilikuzwa, na hakuacha kulisema hilo kwa miaka mingi. Naegemea upande wake. Kwa mtu wa Mara, ni sawa na kesi ya wizi wa ng'ombe kusikilizwa na ukoo wa mtuhumiwa.

Mwanafunzi wa Salter, Richard Yemm, aliunda Pelamis, nyoka wa chuma wa mita 120, aliyeingiza umeme kwenye gridi huko Orkney mwaka 2004. Mashine tatu za aina hiyo zilipelekwa Ureno mwaka 2008, zikatolewa majini baada ya miezi michache. Kampuni yake ilianguka mwaka 2014.

Je, Ziwa Victoria? Nguvu ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake. Wimbi la mita moja lina moja ya tisa tu ya nguvu ya wimbi la mita tatu, hata kabla ya kuhesabu kwamba mawimbi ya ziwa hufuatana haraka kuliko yale ya bahari kuu. Bata hangeiwashia Musoma taa. Boya la Masuda ni habari nyingine. Siku za giza wavuvi wa dagaa huweka ziwani taa zinazoelea, zamani karabai, leo balbu za betri ambazo lazima zirudishwe nchi kavu kuchajiwa. Taa ya namna hiyo haihitaji megawati, na wimbi liko chini yake usiku kucha.