Safu ya lugha: Kasha la seva

Wauzaji wengi wa kompyuta husema "kesi" wakimaanisha sanduku la chuma linalobeba viungo vya mashine. Lakini kesi, kwa Mswahili, iko mahakamani. Neno tulilo nalo ni kasha, lililotufikia kutoka Kireno, caixa, kama vile meza na leso. Kasha ni la kutunzia vitu vya thamani, na ndiyo kazi ya kasha la seva ya nyumbani: kuhifadhi diski zenye picha za harusi, hati za shamba na kazi za shule.

Anayelinunua kwa ajili ya utulivu wa nyumba atofautishe mvumo na mtetemo. Mvumo hutoka kwenye feni. Feni pana ya milimita 120 au 140 husukuma kiasi kilekile cha hewa kwa mizunguko michache kuliko ya milimita 80, hivyo husikika kidogo. Mtetemo hutoka kwenye diski za inchi 3.5, ambazo nyingi huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Zikiwa nne au sita, bati jembamba hulia. Tafuta chuma kizito, vipira kwenye skrubu za diski, na nafasi ya hewa kupita kati ya diski na diski. Usizibe matundu kwa kutafuta kimya. Joto kali hudhuru diski.

Tuandike kasha, wingi makasha, kwenye matangazo na vitabu vya mafunzo. Mnunuzi ataelewa mara moja.