Sauti Iliyotangulia Kitabu: Tenzi za Pwani na Safari ya Kumtafuta Mungu

Mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima. Tumbaku hulimwa katikati ya magofu ya mawe ambayo zamani yalikuwa majumba ya matajiri. Katika karne ya 17, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 18, Pate ulihesabiwa miongoni mwa miji yenye nguvu kwenye mwambao wetu. Kaure za Uchina zilipangwa kwenye vidaka vya kuta, na vyombo vyake vilisafiri hadi Arabuni na Bara Hindi. Kisha vikafuatana vita: na Wareno, na Waomani, na majirani, na vya wenyewe kwa wenyewe juu ya kiti cha usultani. Mnamo 1812 hivi, majeshi ya Pate pamoja na washirika wao Wamazrui wa Mombasa yalivunjwa na watu wa Lamu kwenye ufuo wa Shela. Pate haikuinuka tena.

Mbele ya anguko hilo alisimama Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, sharifu wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut, akatunga Al-Inkishafi. Ni shairi fupi ukililinganisha na tenzi za vita, halifiki hata beti mia moja, lakini sijui shairi jingine la Kiswahili lililoingia ndani ya nafsi kwa kina kama hicho. Mtunzi hasemi na sultani wala na waumini msikitini. Anausemeza moyo wake mwenyewe. Anauuliza umeghurika na nini, kisha anauchukua na kuupitisha ndani ya majumba yale: pale palipowaka taa sasa pana kiza, popo wananing'inia, na kwenye vidaka vilivyobeba kaure ndege wamejenga viota. Baada ya hapo anauonyesha kaburi, kiyama na tabaka za moto. Shairi linakatika hapo, bila faraja, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba mtunzi hakulimaliza.

Wanafunzi wetu hukutana na Al-Inkishafi kitabuni, likiwa limezungukwa na maelezo ya maneno magumu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, watu wengi waliolijua hawakuwahi kuliona kwa macho. Walilisikia. Lilighaniwa barazani, msibani na majumbani, na mzee asiyejua kusoma aliweza kuwa nalo lote kifuani. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi, vijana wanapopanda jukwaani Nairobi au Dar es Salaam na mashairi yao ya kusemwa, husikika maneno kwamba sanaa hiyo imeletwa kutoka Marekani. Kilichotoka huko ni mtindo wa mashindano ya slam, aliouanzisha Marc Smith mjini Chicago katikati ya miaka ya 1980. Ushairi wa mdomo unaohoji maana ya kuishi mbele ya Mungu ulikuwa umeota mizizi kwetu tangu zamani.

Hata namna tenzi zilivyoandikwa inathibitisha hivyo. Chukua muswada wa utenzi wa zamani. Umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ubeti mzima umelazwa kwenye mstari mmoja, vipande vinne kutoka kulia kwenda kushoto, vikitenganishwa na alama ndogo za kupambia, mara nyingi kwa wino mwekundu. Vipande vitatu vya kwanza vinalingana kina. Cha nne kinabeba kina kinachorudi katika kila ubeti, toka mwanzo hadi mwisho wa utenzi, kwa hiyo ukiteremsha jicho ukingoni mwa kushoto unakiona kikishuka chote. Sasa jaribu kuusoma. Mwandiko wa zamani haukutofautisha *i* na *e*, wala *u* na *o*, na mara nyingi sauti za *mb* na *nd* ziliandikwa kwa herufi moja tu. Asiyewahi kuusikia utenzi ule angekwama ubeti wa kwanza. Karatasi ilikuwepo ili kumkumbusha anayejua tayari, naye alijua kwa sababu mtu mwingine alimghania.

Mmisionari Mwingereza W. E. Taylor alilielewa jambo hilo Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Alipokusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdalla, aliyefariki mwaka 1890, ambaye ndiye aliyeyajua maneno na maana zake. Huko Lamu kazi kama hiyo aliifanya Muhamadi Kijuma, mwandishi wa miswada, mchonga milango, mpiga ala na mshairi, aliyewanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Hichens alichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939. Bila watu kama Kijuma kitabu kile kisingekuwepo, na naona jina lake lingestahili kuwa maarufu mashuleni kama majina ya watunzi wenyewe.

Mizizi yenyewe inarudi nyuma zaidi. Sayyid Aidarus bin Athuman wa Pate aliitia katika Kiswahili Hamziya, kasida ya Kiarabu ya kumsifu Mtume iliyotungwa na Imam al-Busiri wa Misri katika karne ya 13. Busiri ndiye huyo huyo mwenye Burda, ambayo kwa mapokeo aliitunga akiwa amepooza, akamwota Mtume akimfunika joho lake, akaamka mzima. Hadithi hiyo ilivuka bahari pamoja na kasida. Watu wa pwani waliosoma Burda kwa mgonjwa hawakuwa wanaburudika. Waliamini kwamba maneno yaliyotamkwa kwa mapenzi ya Mtume yana baraka. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani, pale pale Pate, akatunga Utenzi wa Tambuka, kisa kirefu cha vita vya Waislamu na Herekali, kaisari wa Rumi. Vita vimejaa humo, lakini hata utenzi huo huanza kwa jina la Mungu kabla ya upanga kuchomolewa.

Miaka mingi baadaye, mjane mmoja mgonjwa alimwita binti yake asogee karibu na wino na karatasi. Huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar. Ndani ya utenzi wake anataja mwaka, 1275 Hijria, yaani 1858, na hata idadi ya beti. Haukupita muda mrefu akafariki. Utenzi wa Mwana Kupona umebishaniwa sana kwa sababu ya mafunzo yake juu ya mke na mume, na ubishi huo una haki yake. Wanaobishana, hata hivyo, wengi huishia katikati. Sehemu ndefu ya mwisho ni dua. Mama anayejua kwamba anaondoka anamkabidhi Mungu watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote, na anaomba maradhi yamtoke. Ukisomewa sehemu hiyo na mwanamke mwenye sauti, unatambua kwamba mawaidha ya mwanzo yalikuwa njia ya kufikia dua. Wanawake wa Lamu waliuhifadhi kwa moyo, mama akimpa binti, muda mrefu kabla ya Werner na Hichens kuuchapisha mwaka 1934.

Kaskazini zaidi, Barawa kwenye pwani ya Somalia, ambako husemwa Chimwiini, lahaja iliyo ndugu wa Kiswahili chetu, aliishi mwanamke mwingine ambaye wasomaji wengi wa Tanzania na Kenya hawajawahi kumsikia. Mana Sitti, maarufu kwa jina la Dada Masiti, alikuwa wa ukoo wa masharifu. Akiwa msichana alichukuliwa kutoka kwao, akaishia Zanzibar katika utumwa, na miaka ikapita kabla ya jamaa zake kumpata na kumrejesha. Aliporudi aliishika Kadiria, tarika ya Kisufi, akawa msomi na mshairi. Mwaka 1909, alipofariki Sheikh Nureni Ahmed Sabir, mwanachuoni mkubwa wa mji, ni yeye aliyemtungia shairi la maombolezo linalosomwa hadi leo, likikumbusha kwamba baada ya uhai ni mauti. Sheikh Nureni alikuwa na wanafunzi wanaume tele, na katika mji ule wa wanazuoni, sauti iliyobaki juu ya kifo chake ni ya mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa. Kaburi la Dada Masiti huzuriwa.

Barawa hiyohiyo ilimtoa Sheikh Uwesu bin Muhammad, aliyeipanua Kadiria hadi Zanzibar na bara. Zikri za tarika ziliwavuta watu ambao misikiti ya wakubwa haikuwapa nafasi: watumwa, walioachiwa huru, wageni kutoka bara. Lamu nako hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Habib Swaleh bin Alawi Jamalilleyl, aliyehamia kutoka Ngazija. Mabwana wa mtaa wa Mkomani walikuwa na maulidi yao ya Barzanji, yakisomwa kwa utulivu na heshima. Habib Swaleh aliketi mtaa wa Langoni na wanyonge, akiwatibu na kuwafundisha dini, akaeneza maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, na kusomwa kwa matari. Wakubwa waliona ngoma ndani ya ibada ni kuvunja adabu. Watu wa Langoni wao walipata mlango wa kuingia. Msikiti wa Riyadha uliojengwa huko mwanzoni mwa karne ya 20 ukawa chuo kikubwa, na maulidi yake huwakusanya watu kila mwaka kutoka pwani yote. Mjadala kuhusu matari haujakwisha, na wapo masheikh wanaoyahesabu kuwa bidaa. Siandiki fatwa hapa. Nasema tu kwamba kwa maelfu ya watu waliodharauliwa, heshima yao ya kwanza mbele ya Mungu ilianza na shairi lililosomwa kwa pamoja.

Utenzi haukubaki kwa Waislamu peke yao. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkristo Mkatoliki aliyezaliwa mwaka 1917, alilichukua umbo lake lote, mizani minane kila kipande na kina kinachorudi, akaitia humo Injili na baadaye Zaburi. Vitabu hivyo vilitoka mwaka 1963 na 1965. Ndiye pia aliyeieneza ngonjera, shairi la kujibizana mbele ya hadhira. Wengi wanamkumbuka kwa ngonjera za siasa, na tenzi zake za dini zimesahaulika mno.

Halafu ikaja kaseti, na naona haijapewa haki yake katika historia hii. Kuanzia miaka ya 1970 utenzi ulirudi masikioni kwa njia mpya. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, Ustadh Mau wa Lamu, imamu na mshairi, alitunga mawaidha kama Wasiya wa Mabanati, akiwausia wasichana wasidanganywe, na mashairi ya namna hiyo yakasambaa kwa kunakiliwa kaseti kwa kaseti. Kwa desturi ya Lamu si lazima mtunzi aghani mwenyewe. Anamkabidhi mwenye sauti. Mghani huyo anajua mahadhi ya kila bahari ya ushairi, anajua kwamba ubeti mmoja ni mzunguko mmoja wa sauti na kwamba pumzi hurudi kwenye kile kina kikuu. Anajua pia pa kunyamaza kidogo ili wasikilizaji waseme "Allahu akbar" au wafute machozi.

Hapo ndipo naiona tofauti kubwa kati ya mghani wa zamani na kijana wa leo mwenye kipaza sauti. Kijana husema maisha yake mwenyewe, na maumivu yake ndiyo ushahidi wake. Simlaumu hata kidogo: Sayyid Abdalla naye aliuhoji moyo wake, wala si wa jirani. Lakini shairi lake lilitoka mdomoni mwake likaingia midomoni mwa wengine, na kila aliyelighani aliusemeza moyo wake mwenyewe kwa maneno yale yale. Shairi la jukwaani leo mara nyingi huondoka na mwenyewe akishuka. Hakuna wa kulihifadhi, kwa kuwa halikutungwa lihifadhiwe. Vina na mizani ambavyo baadhi ya vijana huviona pingu vilikuwa ndivyo vilivyoliwezesha shairi kuishi kifuani mwa mtu asiyejua kusoma.

Waghani wanaozijua sauti za zamani za tenzi ni wazee, na wanapungua. Miswada imehifadhiwa London na Hamburg, mingine imeshapigwa picha, na hilo ni jema. Mahadhi hayapigwi picha. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu, vituo vya redio vya pwani na kamati za maulidi zina uwezo wa kwenda Lamu, Siyu, Pate, Mombasa na Unguja na kinasa sauti, kumkalisha kila mghani, na kumrekodi ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, Al-Inkishafi na Mwana Kupona zikiwa za mbele. Na wewe kijana unayeandaa shairi lako la jukwaani, mtafute mzee mmoja wa namna hiyo umsikilize kabla hujapanda. Kazi hii ianze mwaka huu, wangali hai.