Ampelakia: Kijiji cha Ugiriki kilichotajirika kwa uzi mwekundu

AMPELAKIA ni kijiji kidogo nchini Ugiriki, kilichojengwa kwenye mteremko wa Mlima Kissavos, ambao Wagiriki wa kale waliuita Ossa. Chini yake kuna bonde jembamba la Tempe, na ng'ambo ya bonde hilo ndipo uanzapo Mlima Olympus. Jina lake lina maana ya mashamba madogo ya mizabibu, lakini si zabibu zilizokipa kijiji hiki sifa.

Katika karne ya 18, eneo la Thessalia likiwa bado chini ya utawala wa Waturuki, wenyeji wa Ampelakia walikuwa mabingwa wa kutia uzi wa pamba rangi nyekundu isiyochuja. Rangi yenyewe ilitoka katika mizizi ya mmea. Kabla ya kufikia hatua hiyo, uzi ulilowekwa katika mafuta, samadi na shabu, ukaoshwa na kuanikwa mara nyingi. Félix Beaujour, aliyekuwa balozi mdogo wa Ufaransa mjini Thessaloniki, aliandika kwamba kijiji kilikuwa na karakana 24, na kwamba kila mwaka zilitiwa rangi marobota 2,500 ya uzi. Mzigo mkubwa uliuzwa Austria na Ujerumani.

Awali wenye karakana walishindana wao kwa wao hadi wakaumizana. Karibu mwaka wa 1780 waliungana wakaanzisha kampuni moja, ambayo wanakijiji walichangia mitaji na kugawana faida. Kwa sababu hiyo, wako wanaokiita chama cha kwanza cha ushirika duniani, kilichotangulia kile cha Rochdale, Uingereza, cha mwaka wa 1844. Sifa hiyo ina mashaka yake. Wenye mitaji mikubwa ndio walioshika usukani, na vibarua hawakupata sawa na wakubwa hao.

Mkuu wao aliyejulikana zaidi ni Georgios Mavros. Huko Austria alitumia jina la Schwarz, ambalo kwa Kijerumani, kama lilivyo Mavros kwa Kigiriki, ni "nyeusi". Jina la ajabu kwa mtu aliyetajirishwa na rangi nyekundu.

Utajiri huo haukudumu. Viwanda vya Uingereza vilianza kusokota uzi kwa mashine na kuuza kwa bei ya chini. Ali Pasha, mtawala wa Ioannina, aliwatoza kodi nzito. Kisha mwaka wa 1811 serikali ya Austria ilifilisika, thamani ya pesa zake za karatasi ikashushwa hadi sehemu moja ya tano, na akiba iliyowekwa Vienna ikayeyuka. Kampuni ilivunjika wakati huo huo, na familia nyingi zikahama.

Thessalia ilijiunga na Ugiriki mwaka wa 1881, wakati ambapo biashara hiyo ilikuwa imebaki masimulizi. Nyumba ya Schwarz, iliyojengwa kati ya 1787 na 1798, ingali imesimama na sasa ni jumba la makumbusho. Kuta zake zimejaa michoro ya maua na miji.