UZI: Gramu 5 na gramu 500. Sheria iliyopitishwa kwa miezi minne, ikachukua miaka 24 kurekebishwa nusu

1/ Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, mjadala wa uhalifu unarudi na maneno yaleyale: huyu ni mpole kwa wahalifu, yule ni mkali. Na sisi huku Kenya tunabishana usiku kucha kana kwamba tuna kura huko. Sawa, siasa ni tamu. Lakini kabla hujachagua upande, kuna historia moja unafaa kuijua. Sitataja mwanasiasa wala chama. Pande zote zilihusika, utaona. Twende.

2/ Tuanze na hesabu. Kuanzia 1986, sheria ya serikali kuu ya Marekani ilisema hivi: ukipatikana ukiuza gramu 5 za kokeini ya mawe (wao huiita crack), kifungo ni miaka 5, isipungue. Kokeini ya unga je? Ili ufikishe hiyo miaka 5, lazima uwe na gramu 500. Miaka 10 ilikuwa gramu 50 za mawe, au kilo 5 za unga. Mara mia, kila ngazi.

3/ Gramu 5 ni kama kijiko cha chai cha sukari. Gramu 500 ni ile pakiti ya nusu kilo unanunua dukani. Sheria ilisema mwenye kijiko na mwenye pakiti ni sawa mbele ya jaji. Tofauti pekee ni umbo la dawa.

4/ Ni dawa mbili? Hapana, ni kokeini ileile. Mawe hutengenezwa kwa kupika unga mpaka ushikane. Ni kweli mawe huvutwa kama moshi, hupanda kichwani haraka na kushuka haraka, kwa hivyo mtu hurudia mara nyingi. Lakini angalia biashara yenyewe: tajiri wa juu anaingiza unga kwa kilo, kijana wa kona anauza vipande vya bei ya chini. Sheria ilimpiga wa kona kwa nguvu mara mia kuliko anayemletea mzigo.

5/ Sasa, ilipitaje? Tarehe 17 Juni 1986, kijana anaitwa Len Bias, nyota wa mpira wa vikapu wa Chuo Kikuu cha Maryland, alichaguliwa wa pili kwa jumla na Boston Celtics, waliokuwa mabingwa wa ligi. Siku mbili baadaye alikuwa amekufa. Miaka 22. Kokeini.

6/ Nchi ilitetemeka. Habari zilisambaa kwamba ni mawe yaliyomuua. Baadaye ikabainika alitumia unga. Lakini kufikia hapo nani angesikiliza? Runinga zilikuwa na picha za mawe kila jioni, wabunge walikuwa wanajiandaa kwa uchaguzi wa Novemba, na kila upande ulitaka kuonekana mkali kuliko mwenzake.

7/ Hii sehemu isome polepole. Pendekezo moja lilikuwa na tofauti ya 20 kwa 1. Lingine 50 kwa 1. Mwisho wakatua kwa 100 kwa 1. Hiyo namba haikutoka maabara wala kwa daktari. Ilipanda vile bei hupanda kwenye mnada. Tarehe 27 Oktoba 1986 ikawa sheria. Tangu kifo cha Bias: miezi minne na siku chache.

8/ 1988 wakaongeza chumvi. Kumiliki tu mawe zaidi ya gramu 5, hata kama huuzi, hata kama ni kosa lako la kwanza: miaka 5. Mtu aliyeshikwa na unga wa kutumia mwenyewe, mara ya kwanza, hangeweza kufungwa zaidi ya mwaka mmoja.

9/ Nitende haki kwa upande wa pili. Hofu haikuwa ya uongo. Mitaa ya New York, Washington na Los Angeles ilikuwa inazika vijana. Akina mama walikuwa wanalaza watoto mbali na dirisha kwa ajili ya risasi. Anayesema shida haikuwepo anadanganya. Swali ni kama dawa iliyotolewa ilitibu huo ugonjwa.

10/ Hapo ndipo utasikia: "Lakini hata viongozi weusi waliiunga mkono!" Baadhi, ndiyo. Watu wa mitaa hiyo waliomba polisi. Waliomba pia kazi, shule, na vituo vya matibabu ya uraibu. Walipewa lile ombi la kwanza tu, tena kwa kipimo cha kupita kiasi. Ukiomba chakula, maji na paa, kisha upewe maji yanayojaa mpaka kwa shingo, mtu asikuambie ati ni wewe uliyaomba.

11/ Tuje kwa mashine yenyewe, kwa sababu wengi hawaielewi. Kifungo cha lazima kinamfunga jaji mikono. Wakati huo aliweza kuona mbele yake msichana wa miaka 20, hana rekodi, anaomba msamaha. Hakuwa na la kufanya. Gramu zilikuwa zimeshasema. Waliofanya makosa baada ya Novemba 1987 hawakuwa hata na ile nafasi ya zamani ya kuachiliwa mapema kwa masharti kwenye magereza ya serikali kuu. Ilikuwa imefutwa na sheria ya 1984.

12/ Nguvu ya jaji haikupotea hewani, ilihamia kwa mwendesha mashtaka. Yeye ndiye anachagua shtaka gani liandikwe, na shtaka ndilo linabeba miaka. Anakuambia: kiri uende miaka 5, ama twende kesi nikuombee 10. Wewe ungefanya nini? Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilisema asilimia 97 ya hatia kwenye mahakama za serikali kuu zinatokana na watu kukiri. Zile kesi za mawakili wakali unazoona kwa filamu ni chache mno.

13/ Halafu kuna "njama". Mwaka huohuo wa 1988, vifungo vya lazima vilipanuliwa hadi kwa kosa la njama. Maana yake, mpenzi wa muuzaji aliyepokea simu au kubeba bahasha anaweza kubebeshwa gramu za kundi zima. Na njia kuu ya kupunguziwa kifungo ni kutaja wengine. Tajiri ana wa kutaja. Huyu dada hana, kwa sababu hajui mtu. Kwa hivyo anayejua kidogo ndiye anaozea ndani.

14/ "Sheria haikutaja rangi, mbona mnaleta ubaguzi?" Swali zuri, lijibiwe bila matusi. Ni kweli haikutaja. Lakini miaka nenda miaka rudi, zaidi ya 8 kati ya kila watu 10 waliohukumiwa na mahakama za serikali kuu kwa kokeini ya mawe walikuwa weusi, wakati tafiti za serikali hiyohiyo zilionyesha watumiaji wengi wa mawe hawakuwa weusi.

15/ Polisi huenda wapi kutafuta mawe? Kwenye kona za mitaa maskini, si kwenye sherehe za nyumba zenye geti. Sheria inaweza kukosa neno la rangi na bado ikajua anwani ya kila mtu. Ukiona matokeo yanaegemea upande mmoja kwa miaka zaidi ya 20, na umeonyeshwa, na ukaacha vile ilivyo, huwezi tena kusema hukujua.

16/ Na ilionyeshwa! Ziko hoja tatu zilizotumika kutetea 100 kwa 1: mawe yana ukatili zaidi, yana uraibu wa ajabu, na yanazaa "watoto wa mawe" walioharibika kabisa. Hiyo ya mwisho ilitisha watu sana. Watafiti waliowafuata watoto hao kwa miaka waligundua madhara ni madogo kuliko ilivyotangazwa, na hayana tofauti na ya kokeini ya unga. Kilichowaumiza watoto hao kwa wazi kilikuwa umaskini.

17/ Mwaka 1995 Tume ya Hukumu ya Marekani, chombo cha serikali chenye kazi ya kupanga viwango vya vifungo, ilipendekeza mawe na unga vihesabiwe sawa, 1 kwa 1. Bunge likakataa. Ilikuwa mara ya kwanza Bunge kuitupilia mbali kazi ya tume hiyo. Rais akatia sahihi. Mwezi huo wa Oktoba, ghasia zikazuka kwenye magereza kadhaa ya serikali kuu. Tume ilirudi tena kuomba marekebisho 1997, 2002 na 2007.

18/ Kwa nini ilikuwa rahisi kupitisha na vigumu kuondoa? Kwa sababu hakuna mbunge aliyewahi kushindwa uchaguzi kwa kuwa mkali kupita kiasi, lakini kila mmoja aliogopa tangazo moja la runinga likisema yeye ni rafiki wa wauzaji. Gharama ya kufungwa kwa mtu miaka 10 ya ziada hailipwi na mbunge. Inalipwa na mama anayepanda basi saa nane kwenda kuona mtoto wake gerezani.

19/ Agosti 2010, ndio hatimaye sheria ikabadilika. Vyama viwili vikakubaliana. Je, walienda 1 kwa 1? La. Walitua kwa 18 kwa 1. Sasa gramu 28 za mawe ndizo huleta miaka 5, na kile kifungo cha lazima kwa kumiliki tu kikafutwa. Kwa nini 18? Kwa sababu ndipo pande mbili zilipokutana kwenye mazungumzo. Kwa mara nyingine, namba ya mapatano.

20/ Tena Bunge halikusema kwamba marekebisho hayo yarudi nyuma. Fikiria: watu wawili, kosa moja, gramu zilezile. Mmoja alihukumiwa 2009, mwingine 2011. Wa kwanza anakaa ndani chini ya sheria ambayo Bunge limeshakiri haikuwa ya haki. Ilibidi wangoje hadi Desemba 2018, chini ya rais wa chama kingine, ndipo maelfu wakaweza kuomba hukumu zao zipunguzwe. Miaka 8 mingine.

21/ "Lakini uhalifu ulipungua, kwa hivyo ilifanya kazi." Uhalifu wa Marekani ulianza kushuka mapema miaka ya 90, nchi nzima, kwenye majimbo makali na yasiyo makali, na sababu bado zinabishaniwa na wataalamu. Tuna kipimo kizuri zaidi. Tume ilipopunguza viwango vya mawe mwaka 2007 na watu wakatoka mapema, ilifuatilia kama wanarudia uhalifu. Hawakurudia kuliko wale waliomaliza kifungo chote. Ile miaka ya ziada haikununua usalama.

22/ Linganisha na janga la dawa za opioidi lililofuata, ambalo kwa miaka ya kwanza liliua sana watu weupe wa vijijini na miji midogo. Ghafla lugha ikawa "ugonjwa", "matibabu", "wana wetu". Si ati hakuna aliyefungwa, walifungwa wengi. Lakini lugha ya ugonjwa ilikuwa sahihi. Swali letu ni kwa nini haikuwepo 1986.

23/ Mambo yamefika wapi? Septemba 2021, Bunge la Wawakilishi lilipitisha mswada wa 1 kwa 1, kura 361 kwa 66. Pande zote mbili zilipiga kura ya ndiyo. Seneti haikuupitisha. Desemba 2022 Wizara ya Sheria ikaagiza waendesha mashtaka wayachukulie mawe kama unga. Lakini agizo la ofisi si sheria. Aliyefuata ofisini angeweza kulifuta kabla ya chai ya saa nne.

24/ Na hili linatuhusu vipi sisi? Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, bila kusikiliza hali yake, ni kinyume cha Katiba. Haikufuta hukumu ya kifo. Ilisema tu kwamba mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Ni mjadala uleule: nani anaamua kifungo, jaji aliyemwona mtu, au mbunge ambaye hatawahi kumwona?

25/ Msimamo wangu sifichi: wauzaji wa mihadarati wafungwe, lakini kifungo kipimwe na mtu anayejua kesi, kwa sheria inayoweza kueleza namba yake imetoka wapi. Kwa hivyo kampeni zikianza, za kwao au za kwetu, na mheshimiwa akisimama na mswada mkali siku chache baada ya msiba, muulize maswali manne. Hiyo namba imetoka wapi? Itamshika nani hasa, tajiri au wa kona? Tutapima vipi kama imefanya kazi? Na ikionekana tumekosea, walio ndani watatoka lini?

26/ Kama hana jibu la swali la nne, kumbuka walioingia 1987 kwa gramu zinazotosha kijiko. Jibu lao lilichukua miaka 31. Mwenye hoja tofauti alete hapa chini, tujadiliane bila kutukanana. Sambaza uzi kwa yule rafiki yako wa "wafungwe wote".